Kuingia na Kuingizwa: Juu ya Mashine Isiyouliza Nywila

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza jinsi kompyuta inayotumia Linux inavyoweza kumfungulia mtumiaji skrini ya maandishi bila ya kumwuliza jina wala nywila. Huku Moba, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, jambo hili si anasa. Mashine inayotegemea mabamba ya jua huzimika na kuwaka mara kwa mara, na mwanafunzi aliyekuja kutafuta neno katika faharasa ya Kitabwa hukuta skrini nyeusi ikimdai nywila anayoijua mhadhiri mmoja tu, naye yuko safarini Kalemie.

Tangu Unix za awali, kazi ya kungojea mlangoni hufanywa na programu iitwayo getty. Hiyo huuliza jina, kisha huikabidhi login kazi ya kuhakiki nywila. Katika Debian, ambayo tangu toleo la 8 la mwaka 2015 kwa kawaida huendeshwa na systemd, bawabu huyo hupewa maagizo mapya. Kwanza hufunguliwa akaunti, tuseme mgeni. Kisha, kwa mamlaka ya msimamizi, huandikwa systemctl edit getty@tty1.service na kutiwa mistari hii:

[Service]
ExecStart=
ExecStart=-/sbin/agetty --autologin mgeni --noclear %I $TERM

Mstari wa pili usidharauliwe. Ni mtupu, lakini ndio unaofuta amri iliyorithiwa. Ukiachwa, systemd itakuta amri mbili mahali panaporuhusiwa moja, nayo itakataa kuianzisha huduma. (Wanaisimu watakumbuka mofimu kapa.) Mashine ikiwashwa upya, tty1 peke yake itafunguka, ukibonyeza Ctrl, Alt na F2, tty2 ingali ikiuliza.

Swala linalotuhusu zaidi ni la kitenzi. Husemwa kwamba katika mashine ya namna hii mtu "anaingia bila jina". Sivyo. Kuingia ni tendo la mtu ajitambulishaye. Hapa mtu anaingizwa, tena kwa jina lisilo lake, na kila faili atakayoiunda itakuwa mali ya mgeni. Kauli ya kutendeshwa, basi, si pambo la sarufi, kwani yatuonyesha mahali pa kuweka mipaka: si kwa mtu, bali kwa jina alilopewa.

Kwa hiyo mgeni asiwemo katika kundi la sudo, na faharasa aisome tu bila ya kuibadili. Rekodi za wasimulizi waliotoa sauti zao kwa sharti la kutotajwa majina zikae katika akaunti nyingine, kabrasha lake likiwa na ruhusa 700. Hata hivyo, mwenye kuichomoa diski ataisoma kwenye mashine nyingine, isipokuwa imesimbwa. Na diski iliyosimbwa yote kwa kawaida hudai nywila kila mashine iwakapo. Rai yangu ni kusimba sehemu ya rekodi pekee, nayo ifunguliwe na mhadhiri mwenyewe anapoihitaji.