Kiti Kilicho Wazi



Mwaka wa 1976 maaskofu wa AMECEA walikutana Nairobi, wakakazia kwamba Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogo ndogo. Kwa nini ndogo? Kwenye misa ya watu mia tano, mmoja akikosa hakuna anayejua. Katika nyumba kumi na tano, kiti kikibaki wazi sote tunaona.

Lakini kuona tu hakutoshi. Mama akikosa mchango wa merigoraundi mara mbili, sisi tunakimbilia daftari kuandika faini. Kumbe mtoto ni mgonjwa, pesa zimeisha, naye anaona aibu kuja. Faini tutaandika, lakini mwenzetu tumempoteza.

Basi kabla ya kuhesabu pesa, tuulizane: nani hayupo? Wawili waende kwake siku hiyo hiyo, na unga kidogo, au wamsaidie kupalilia. Deni atalipa pole pole. Katika Mathayo 25, Yesu anatufundisha kwamba anayemtembelea mgonjwa amemtembelea yeye mwenyewe. Kwa hivyo tusimtafute Mungu Jumapili peke yake.

Mjadiliane: Mwezi huu ni nani hatujamwona? Nani atakwenda?