Wazazi Waulize Wapi Habari za Chanjo?

Sokoni na garini husemwa mengi juu ya chanjo za watoto. Mmoja husema sindano huleta homa, wa pili husema humdhoofisha mtoto, na wa tatu huyarudia yale aliyoyasikia kwa jirani. Mzazi akiogopa hana kosa, kwa maana mtoto ni wake. Kosa ni kukaa na hofu hiyo nyumbani bila kuipeleka kwa mtu awezaye kuijibu.

Hofu ya namna hii iliwahi kumpata hata mtumishi wa hospitali. Bwana Ali Maow Maalin alikuwa mpishi katika hospitali ya mji wa Merca, nchi ya Somalia. Alidhani chanjo ya ndui inauma mno, akaikwepa. Mwezi wa Oktoba 1977 alipanda gari lililochukua watoto wagonjwa wa ndui, ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa fupi, lakini ilitosha. Aliugua, akapona, naye ndiye mtu wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha. Baadaye Bwana Maalin alizunguka nchini mwake akiwasihi wazazi wakubali chanjo ya polio, huku akiwasimulia kosa lake mwenyewe, hata alipofariki mwaka 2013.

Katika Kenya, mahali pa kuuliza ni kliniki ya mama na mtoto. Huko mzazi hupewa kitabu ambamo kila chanjo huandikwa pamoja na tarehe yake. Mtoto mchanga huchanjwa dhidi ya kifua kikuu na polio. Afikapo wiki 6, 10 na 14 hupewa, pamoja na nyingine, chanjo ya kuzuia dondakoo, kifaduro na pepopunda. Ile ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, na tena miezi 18.

Yafaa mzazi amwulize muuguzi maswali matatu: Chanjo hii yazuia ugonjwa gani? Mtoto aweza kuona nini baada yake? Ni dalili gani za kunirudisha hapa upesi? Ataambiwa kweli bila kufichwa: kwamba homa ndogo au maumivu mahali pa sindano huweza kutokea na kupita kwa siku chache, kwamba kidonda kidogo cha chanjo ya kifua kikuu hakipakwi dawa, na kwamba madhara makubwa ni nadra sana. Aliyekosa tarehe naye asione haya kwenda, kwa kuwa chanjo zilizotangulia hazipotei bure.

Maneno ya sokoni hayana mwenyewe wa kuyajibu mtoto akiugua. Muuguzi yupo, na kitabu kipo. Kuuliza si ujinga.