Kutangulia na Kutegemea: Mpango wa Huduma katika Seva ya Nyumbani

Seva ya nyumbani ni kompyuta ndogo, aghalabu yenye mfumo wa Linux, ihifadhiyo mafaili ya jamaa wa nyumba moja. Iwashwapo, huamka pamoja nayo programu kadha zifanyazo kazi pasipo kuonekana: moja huunganisha diski kubwa, nyingine hufungua mtandao, na nyingine, kama vile Samba, huyagawa mafaili kwa kompyuta za nyumbani. Yapasa kujua ipi itangulie.

Zamani kila huduma ilitiwa nambari, nazo ziliamshwa kwa kufuata hesabu. Systemd, iliyotokea mwaka 2010 kwa kazi ya Lennart Poettering na Kay Sievers, huamsha nyingi kwa pamoja, isipokuwa zile zilizoandikiwa masharti. Hapo ndipo wengi wakosapo, kwa kuwa masharti ni ya namna mbili, nao huyadhania kuwa ni mamoja.

Sharti la After ni la kutangulia tu. Samba itangoja mpaka kazi ya kuunganisha diski iishe, lakini hata ikiisha kwa kushindwa, Samba huamka vilevile. Sharti la Requires ni la kutegemea, lakini peke yake halipangi zamu: yote mawili huanza pamoja, na Samba yaweza kuwa imekwisha amka kabla kushindwa kwa diski hakujajulikana. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. “Diski iliunganishwa, Samba ikaamka” ni mfuatano, wala -ka- haidai zaidi. “Diski isipounganishwa, Samba isiamke” ni neno jingine kabisa.

Diski kubwa huunganishwa juu ya folda iliyomo katika diski ndogo ya mfumo. Diski isipokuwapo, folda ingali ipo, tupu, nayo hupokea lolote liandikwalo. Picha za arusi zitawekwa humo. Kesho diski ikiunganishwa zitafunikwa, na mwenyewe atadhani zimepotea, hali zi pale pale chini. Baya zaidi ni programu ya kunakili akiba iliyoagizwa kufuta katika nakala kila kisichoonekana katika asili: ikiikuta folda tupu, huifuta akiba nzima kwa utii. Hatari huzidi kwa diski ya nje iliyoandikiwa nofail ili kompyuta isikwame diski ikikosekana, kwani neno hilo huufanya mfumo usiingoje.

Dawa ni amri RequiresMountsFor, ikifuatwa na njia ya folda yenyewe. Hiyo moja hutia masharti yote mawili. Iandikwe katika faili la nyongeza la kila huduma iigusayo diski, wala si katika faili la asili, ambalo hubadilishwa programu ifanywapo mpya. Huduma ya kunakili akiba ndiyo isahauliwayo zaidi, kwa kuwa huamshwa na saa ya systemd usiku wa manane, si kompyuta iwashwapo. Nayo yataka amri ile ile.