Je, Wajua? Goti la Mtoto Lililochubuka

Je, wajua kwamba Wagusii wa Kisii na Nyamira, nchini Kenya, walipasua vichwa kabla hospitali hazijafika kwao? Fundi wa kazi hiyo huitwa omobari. Mtu aliyepigwa kichwani akabaki na maumivu yasiyoisha alichanwa ngozi, kisha mfupa wa fuvu ukakwanguliwa taratibu. Madaktari waliowachunguza wagonjwa hao katika karne ya 20 walistaajabu kuona wengi walivyopona. Mtoto aliyeteleza kwenye mteremko wa Manga hahitaji ustadi wa kiasi hicho. Anahitaji maji na sabuni.

Na maji Kisii na Nyamira yapo: mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Tafiti zilizolinganisha maji safi ya bomba na maji ya chumvi ya hospitali hazikuona bomba likizidisha usaha. Maji unayoweza kuyanywa yanafaa kuoshea kidonda. Ya mto yachemshe, yapoe, uyamimine mpaka mchanga wote utoke. Spiriti iache. Huunguza hata nyama changa inayojaribu kuota.

Je, wajua kwamba kidonda hakipaswi kukaushwa? Mwaka 1962 mtafiti George Winter aliwajeruhi nguruwe kidogo, akafunika baadhi ya majeraha na kuacha mengine wazi. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa takriban nusu ya muda. Kwa hiyo mafuta yale yale ya mgando unayompaka mtoto asubuhi kabla ya shule, yakitolewa kwenye kopo safi na kufunikwa kwa bendeji inayobadilishwa kila siku, ni tiba nzuri kabisa.

Kishona nguo, mmea ambao mbegu zake hung'ang'ania sketi na suruali, umefikichwa tangu zamani ili kuzuia damu. Kitambaa safi kilichokandamizwa kwa dakika 10 bila kuchunguliachungulia hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, wala hakiingizi udongo.

Udongo ndio unaonitia hofu. Mbegu za bakteria wa pepopunda huishi miaka mingi ardhini na kwenye kinyesi cha mifugo, na hapa samadi ya ng'ombe humwagwa kwenye migomba hatua chache kutoka mlangoni, pale pale watoto wanapokimbia pekupeku. Bakteria hao hupendelea tundu jembamba la msumari au mwiba, lisilo na hewa, kuliko mchubuko mpana wa kutisha macho. Kenya huchanja watoto dhidi yake wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mwaka 2001 kinga hiyo iliunganishwa katika sindano moja ya magonjwa matano. Tafadhali, itunze kadi ya kliniki. Mtoto akichomwa na msumari, ni kadi hiyo muuguzi atakayoiulizia kwanza.

Je, wajua kwamba jino la mbwa, hata likikwaruza tu, lina sheria yake? Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo ya kichaa cha mbwa.