Maikrofoni Nyingi, Saa Moja

Shule inayotaka kunasa nyimbo za kwaya yake pamoja na ngoma zake hutambua upesi kwamba maikrofoni moja haitoshi. Ngoma humeza sauti ya kiongozi, nayo safu ya nyuma husikika kana kwamba imo katika chumba cha pili. Jambo la kwanza linalofikiriwa ni kununua maikrofoni nyingine ya aina ile ichomekwayo katika kompyuta kwa waya wa USB, na kuzitumia zote mbili kwa pamoja. Fedha hutumika, na matokeo husikitisha: hapo mwanzo sauti huenda sambamba, lakini kadiri muda unavyopita ngoma huachana na waimbaji.

Wengi huilaumu kompyuta kuwa haina nguvu. Lawama hiyo si ya haki. Maikrofoni nne, kila moja ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo kikichukua baiti 3, hutoa baiti 576,000 kwa sekunde, yaani kiasi cha gigabaiti 2 katika dakika 60. Mzigo huo ni mwepesi kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Kiini cha tatizo ni saa.

Maikrofoni hugeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kompyuta haiuhifadhi umeme wenyewe, bali tarakimu zinazoonyesha kimo chake kila baada ya kipindi kifupi mno. Kipindi hicho huamuliwa na fuwele ndogo ya kwatsi itetemayo, jamaa ya ile iliyomo katika saa nyingi za mkononi. Kila maikrofoni ya USB ina fuwele yake, na hakuna fuwele mbili zitetemazo sawasawa kabisa. Tuseme zinapishana kwa sehemu 50 tu katika milioni. Baada ya dakika 60, yaani sekunde 3,600, tofauti hufikia sekunde 0.18. Mpiga ngoma yeyote atakuambia kwamba huo si muda mdogo.

Enzi za kanda hazikuwa na taabu hii katika mashine moja. Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ilimtengenezea Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani, mashine yenye njia 8 juu ya kanda moja. Kanda ikichelewa, njia zote 8 zilichelewa pamoja. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kisanduku cha kuunganishia sauti, chenye matundu mawili, manne au manane ya maikrofoni, na ndani yake saa moja inayoyatawala yote. Programu ya bure ya Audacity, mathalani, hunasa njia nyingi kutoka katika kisanduku kimoja, lakini haipokei vifaa viwili kwa wakati mmoja.

Asiye na kisanduku aweza kutumia vinasa sauti viwili, hata simu mbili. Mwanafunzi mmoja agonge vipande viwili vya mbao mara moja kabla ya wimbo na mara moja baada yake, akiwa amesimama mahali pale pale. Ikiwa kati ya mapigo hayo rekodi ya kwanza ina sekunde 1,800.00 na ya pili 1,800.09, basi zimepishana kwa 50 katika milioni, na ya pili yafaa ifupishwe kwa kiasi hicho. Usahihi huu si kamili, maana fuwele hubadilika kidogo kwa joto. Hata hivyo mbao zigongwe daima: nyimbo za mzee aliyealikwa shuleni kwa siku moja hazirudiwi.

Hata penye saa moja, umbali nao una sheria zake. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Hivyo sentimita 34 ni sawa na sekunde 0.001. Sauti ya mwimbaji mmoja ikifika katika maikrofoni mbili kwa tofauti hiyo, kisha zikachanganywa, mitetemo ya 500 kwa sekunde hukutana kilele kwa bonde na kufifia, na vivyo hivyo ya 1,500 na 2,500. Sauti husikika kama itokayo ndani ya mtungi. Kwa sababu hiyo mafundi huweka maikrofoni mbalimbali kwa umbali usiopungua mara tatu ya ule ulio kati ya maikrofoni na mwimbaji wake: ikiwa mwimbaji yuko sentimita 30, maikrofoni ya jirani iwe sentimita 90 au zaidi.