Kompteri ni mizani: tuisome sisi pia

Sisi watu wa mungodi tunajua mizani. Mukreseri anaweza kuchimba juma muzima, lakini feza yake haijulikani pale shimoni. Inajulikana pale mizani inaposimama. Siku moja tulipeleka mufuko wa kaseterite kwa mununuzi. Kwetu tulikuwa tumeupima: kilo 50. Kwake ikawa 43. Tulipouliza, akajibu: «Mizani yangu ndiyo mizani.» Tangu siku ile sendika yetu inaomba kitu kimoja: mizani ya pili, yenye kuwa mikononi mwa mufanyakazi.

Tunaleta habari hii juu ya umeme. Katika inchi yetu, wateja wengi wa SNEL hawana kompteri. Wanalipa forfe: bei moja kwa mwezi, umeme ukitoka saa 20 kwa siku ao saa 4. Mama mwenye balbu mbili anaweza kulipa sawa na jirani mwenye frigo na resho. Na mutu wa forfe, kwa nini azime? Balbu ya inje inawaka hata muchana. Kabini inalemewa, kisha delestaji inafika kwa wote, hata kwa yule mama.

Hapa Kalemie umeme wetu unatoka Bendera, kaskazini, ku muto Kyimbi. Wabeleji walijenga ile santrali mwisho wa ukoloni, wakati muji uliitwa bado Albertville. Mashini ni mbili, pamoja megawati karibu 17, na laini inatembea zaidi ya kilomita 100 mpaka muji. Wakati ule muji ulikuwa mudogo, na viwanda kama Filtisaf ya nguo vilikuwa vinafanya kazi. Leo Filtisaf imenyamaza, lakini watu wameongezeka sana, wengine walikimbia vita. Kutoka Kataki mpaka Lubuye, kila mutu anataka kuchaji simu, kusaga mihogo, kugandisha samaki.

Sasa dunia nzima inasema juu ya kompteri ya akili. Tuieleze kwa lugha yetu. Kompteri ya kulipa mbele, unanunua namba, unaiingiza, unapata uniti zako. Zikiisha, umeme unakatika. Ngambo ya ziwa, kule Kigoma, wandugu zetu wanaijua zamani: wanaiita LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Ile ya akili inapita hapo: inatuma yenyewe hesabu kwa ofisi, na ofisi inaweza kuikata ao kuiwasha kutoka mbali.

Faida yake kubwa iko ku kabini. Tuseme kabini imetoa uniti 1 000, na nyumba zote za avenyi zimehesabu 700. Zile 300 zimeenda wapi? Waya muzee umezipoteza, ao mutu amejiunganisha usiku, ao kuna mukubwa asiyelipa. Forfe inaficha hesabu hiyo, na mwenye kulipa ndiye anabeba yote. Kompteri inaiweka wazi.

Lakini tusidanganyane. Mizani haiongezi mawe ndani ya mufuko. Waulize watu wa Manono: barazi ya Piana Mwanga, ku muto Luvua, ilijengwa kwa ajili ya mungodi wa bati, vita ikaiharibu, muji ukakaa gizani miaka mingi. Bila mashini nzima na laini nzima, kompteri itahesabu giza. Tena kompteri inaomba matunzo. Tarehe 24 novemba 2024, kompteri nyingi za namba duniani zilifika mwisho wa hesabu ya saa iliyoanza mwaka 1993. Tanzania na Kenya wateja walipaswa kuingiza namba za pekee kwanza, kama sivyo kompteri isingekubali tena uniti mupya. Nani angekuja kueleza jambo kama hilo avenyi kwa avenyi hapa kwetu?

Kwa hiyo hatukatai kompteri. Tunaitaka, lakini kwa masharti. Mwenye nyumba asiuziwe kompteri kwa bei ya mushahara wake wa miezi. Bei ya uniti ibandikwe mahali pa wazi. Deni la zamani la forfe lisiingizwe ndani ya uniti kimya-kimya. Kompteri ya kabini isomwe mbele ya wakaaji, si ndani ya ofisi tu. Sheria ya 17 juni 2014 ilifungulia kampuni binafsi mulango wa kazi ya umeme, na sasa kuna mamlaka ya kusimamia sekta hiyo, ARE. Masharti haya tuyapeleke kule, kwa maandishi.

Na tusingojee kompteri kufika. Ku avenyi yetu tumenunua kaye moja. Kila jioni mutu mumoja anaandika: umeme ulikuja saa ngapi, ulikatika saa ngapi. Mwisho wa mwezi tunaweka kaye kando ya fakture. Hiyo ndiyo mizani yetu ya pili, na bei yake ni kaye na biki. Nyinyi wa avenyi zingine, anzeni leo jioni. Siku ya mukutano, kila mutu aje na yake.