FreeCell: Karata za Mtu Mmoja Zisizotegemea Bahati

Michezo mingi ya karata ya mtu mmoja huficha sehemu ya karata zake, na kwa hiyo mchezaji, hata awe hodari namna gani, hulazimika kukisia kilicho chini ya karata iliyolala kifudifudi, na mara nyingine hushindwa bila kukosea popote. FreeCell, mchezo uliotungwa mwaka 1978 na Paul Alfille, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, umejengwa kinyume cha utaratibu huo: karata zote 52 hugawiwa zikiwa wazi, kama kete za bao zinavyoonekana zote mbele ya wachezaji, na zikishagawiwa hakuna tena jambo linaloamuliwa na bahati. Sifa hiyo ndiyo inayoufanya mchezo huu ufundishike, kwa sababu anayeshindwa, karibu kila mara, ameshindwa kwa maamuzi yake mwenyewe.

Karata hupangwa katika safu nane, nne za kwanza zikiwa na karata saba kila moja na nne zinazofuata zikiwa na karata sita. Juu ya safu hizo huachwa nafasi nane tupu. Nne kati yake ni vyumba huru, yaani mahali ambapo karata moja yoyote inaweza kuhifadhiwa kwa muda. Nne nyingine ni makao, ambamo kila aina ya karata, iwe kopa, uru, shupaza au pau, hupangwa kwa kupanda kuanzia ree, ambayo ni karata ya namba moja, hadi mfalme. Ndani ya safu, karata hupangwa kwa kushuka na kwa kupishanisha rangi, hivi kwamba saba ya kopa, iliyo nyekundu, huweza kuwekwa juu ya nane ya shupaza au ya pau, zilizo nyeusi, lakini haikubaliki juu ya nane ya uru. Mchezaji hushinda pale karata zote zinapofika makaoni.

Kanuni ya kupishanisha rangi inaonekana ndogo, kumbe ndiyo iliyoupa mchezo tabia yake. Mwezi Juni 1968, Martin Gardner, aliyekuwa akiandika kuhusu hisabati katika jarida la Scientific American, aliwaeleza wasomaji wake mchezo wa zamani zaidi unaojulikana kama Baker's Game, ambao ulitaka kila karata ifuate karata ya aina yake tu, kiasi kwamba saba ya kopa ilikuwa na mahali pamoja pa kukaa ndani ya safu zote. Alfille alipoilegeza kanuni hiyo, kila karata ikapata mahali pawili, njia za kupitia zikaongezeka kwa kasi, na michezo iliyokuwa haina ufumbuzi ikawa adimu. Aliuandika mchezo wake katika PLATO, mfumo wa kompyuta za kufundishia uliounganisha watumiaji wengi kwa mtandao na ambao uliweza kutunza rekodi za wachezaji walioshinda mfululizo. Kwa hiyo FreeCell ulizaliwa mtandaoni, miaka mingi kabla ya umma kuifahamu intaneti.

Umaarufu wake ulikuja baadaye, Jim Horne alipotengeneza toleo la Windows, ambalo kwa Windows 95 liliingia katika kompyuta za ofisini na za nyumbani duniani kote. Horne alifanya jambo moja ambalo thamani yake kwa wanaojifunza haikadiriki: aliupa kila mgao namba, kuanzia 1 hadi 32,000. Jozi ya karata 52 inaweza kupangwa kwa njia nyingi mno, idadi yake ikiwa ni namba yenye tarakimu 68, na hakuna kompyuta inayoweza kuzihifadhi zote. Lakini programu haihifadhi mgao hata mmoja. Huichukua namba aliyoichagua mchezaji, huizidisha kwa 214013, hujumlisha 2531011, hutumia sehemu ya jibu kuchagua karata ya kwanza, kisha huirudia hesabu hiyo hiyo juu ya jibu lililopatikana hadi karata zote ziishe. Matokeo huonekana kama ya kubahatisha, ilhali namba ile ile huzaa mgao ule ule popote pale inapotumiwa na programu yenye kanuni hiyo. Mchezaji wa Mombasa na wa Toronto wanaweza kukabili tatizo moja na kulinganisha hatua zao, na aliyeshindwa jana anaweza kulirudia leo bila kubadilika hata karata moja.

Namba hizo ndizo zilizowezesha jaribio lililoanzishwa mwaka 1994 na Dave Ring, ambaye aliwagawia watu waliojitolea kupitia intaneti migao yote 32,000, kila mmoja fungu la migao 100 inayofuatana, ili ijulikane kama kweli kila mmoja una ufumbuzi. Migao iliyowashinda baadhi yao ilipelekwa kwa wengine, na kazi ilipokamilika mwaka 1995 ulikuwa umebaki mmoja tu, namba 11982. Programu za kompyuta zilizopekua njia zote zinazowezekana zilithibitisha baadaye kwamba watu hao hawakukosa ustadi: mgao huo hauna ufumbuzi kabisa. Matoleo ya Windows yalipoongeza namba hadi 1,000,000, upekuzi ulionyesha kwamba isiyo na ufumbuzi ni minane tu. Anayelalamika kwamba kagawiwa karata mbaya ana nafasi ndogo sana ya kuwa mkweli.

Swali basi ni kitu gani hasa kinachojifunzwa. Mchezaji mgeni huzitazama karata. Mzoefu huitazama nafasi iliyobaki. Mgeni akiona karata inayomzuia huipeleka upesi katika chumba huru, kisha nyingine, na baada ya hatua chache vyumba vyote vinne vimejaa na hakuna kinachosogea. Kosa hili lina hesabu yake. Kwa mujibu wa kanuni, karata huhamishwa moja moja, lakini mfuatano uliokwisha kupangwa unaweza kuhamishwa wote kwa kutumia vyumba vitupu kama kituo cha kupumzikia. Idadi ya karata zinazoweza kuhamishwa pamoja hupatikana kwa kuchukua vyumba vilivyo vitupu, kujumlisha moja, kisha kuzidisha jibu kwa mbili kwa kila safu iliyo tupu. Vyumba vinne vitupu bila safu tupu huruhusu karata tano, na safu moja ikiachwa wazi huruhusu kumi, na mbili ishirini. Vyumba viwili tu bila safu tupu huruhusu karata tatu. Safu tupu inayopokea mfuatano wenyewe haihesabiwi.

Hesabu hiyo inafichua kile ambacho jicho halikioni: chumba huru huongeza uwezo kwa kujumlisha, ilhali safu tupu huuzidisha. Ndiyo maana wachezaji wazuri huvumilia hatua zinazoonekana kuwa za kurudi nyuma ili wamalize safu moja mapema, na hawakimbilii kuijaza safu hiyo kwa mfalme ila pale mfalme huyo anapoweza kupokea mfuatano mrefu. Kabla ya kugusa chochote hutafuta ziliko ree na karata za namba mbili, kwa kuwa zikizikwa chini ya safu ndefu makao hayafunguki, na huamua ni safu ipi ichimbuliwe kwanza. Kupeleka karata makaoni kila inapowezekana nako si busara daima, kwani tano nyekundu iliyoondolewa mapema haiwezi tena kuipokea nne nyeusi inayotafuta pa kukaa.

Ugumu wa kupanga hatua nyingi kichwani una sababu inayojulikana katika saikolojia. Kumbukumbu ya kazi, yaani uwezo wa akili wa kushikilia taarifa kwa muda mfupi huku ikizifanyia kazi, ni finyu. Nelson Cowan, katika makala yake ya mwaka 2001, alikadiria kwamba hubeba takribani vitu vinne kwa wakati mmoja. Mzoefu hapanui mfuko huo, bali hubadili kinachowekwa ndani yake. William Chase na Herbert Simon walionyesha mwaka 1973 kwamba mabingwa wa sataranji hukumbuka nafasi za kete halisi za mchezo kwa sababu wanaziona kwa mafungu yenye maana, na kwamba kete zikipangwa ovyo ubora wao karibu hutoweka. Katika FreeCell pia, mfuatano wa karata tano uliopangwa vizuri huwa kitu kimoja kwa mzoefu, na kwa mgeni ni vitu vitano.

Kwa kompyuta zenyewe mchezo huu si mwepesi. Malte Helmert alithibitisha mwaka 2003 kwamba FreeCell, ukipanuliwa ili uwe na karata nyingi zaidi, huingia katika kundi la matatizo ambayo jibu lake likishatolewa hukaguliwa kwa urahisi, ilhali hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulipata kwa kila hali. Programu nzuri hazipekui kila njia. Hukadiria hali ipi inaahidi, zikipima mambo yale yale anayoyapima binadamu hodari, kama vile idadi ya nafasi tupu na kina zilikozikwa karata ndogo.

Watafiti wa Oregon nchini Marekani, miongoni mwao Holly Jimison, waliutumia mchezo huu kufuatilia hali ya akili ya wazee, kwa kulinganisha hatua za mchezaji na za programu inayoutatua, ili mabadiliko ya muda mrefu yaonekane bila kumpeleka mzee kwenye vipimo. Hilo halimaanishi kwamba kucheza kunazuia usahaulifu. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara ya nchi hiyo kuishtaki kwa kudai zaidi ya ilivyothibitishwa kuhusu faida za michezo yake ya akili. Ustadi wa FreeCell kwa kiasi kikubwa hubaki ndani ya FreeCell, na mchezo huu hauhitaji sifa zaidi ya hiyo ili ustahili kuchezwa.

Anayetaka kuanza na atafute programu inayoonyesha namba ya mgao na inayoruhusu kurudisha hatua nyuma, kisha asiuache mgao uliomshinda kwa kukimbilia mwingine: arudi hadi hatua ambapo chumba cha tatu kilijazwa, na ajaribu njia nyingine kuanzia hapo. Namba 11982 aiache.